Gari la Walt kwa Dola 3,900

Bi Marge mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana karibu nitasaini mkataba mpya wa deni la gari. Nimesugua sakafu za watu hapa Toledo miaka ishirini na miwili bila kukopa hata kijiko, mpaka bili za figo za mume wangu Walt zikatufikisha mahakama ya waliofilisika, na sasa kuna gari letu la nyumbani, linalompeleka Walt kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nimeshalilipia dola 13,200 na wenye mkopo bado wanadai 11,460, ndipo wakili ananiambia eti naweza kulikomboa kwa thamani yake ya leo, kama 3,900, kwa mkupuo mmoja, na 7,560 zinafutwa! Nilimwuliza mara tatu. "Bi Kuzma, ndivyo sheria inavyosema." Nilikwenda nikakaa garini, nikazima redio, nikashika usukani kama niko kanisani. Lakini shemeji yangu Stan anasema, "Huo ni wizi wenye muhuri, Verlene. Saini mkataba mpya, ulipe deni lote kama mtu." Dada yangu Doreen anazo hizo 3,900, ila mimi siombi ndugu. Mthamini anakuja Jumatano, na nimeagiza matairi mapya na bampa linyooshwe, asije akaniona mchafu.

Verlene Kuzma

Bi Marge anajibu: Verlene, pole kwa Walt. Sasa simu ya kwanza ni kwa fundi: futa oda ya hayo matairi! Wewe mjuzi wa hesabu unataka kujipandishia bei kwa pesa yako mwenyewe? Mthamini anaangalia gari kama hilo lingeuzwa ngapi leo, likiwa na maili zake na bampa lake. Mwonyeshe lilivyo, usifiche wala usipambe.

Mkataba mpya usiusaini. Ukishindwa kuulipa, gari litachukuliwa na deni litabaki shingoni kwako. Nimesoma barua hizi miaka thelathini na moja, na sheria hii bado hunisimamisha nywele: mtu aliyeanguka anaulizwa kitu chake kina thamani gani leo, analipa hiyo, anaondoka nacho. Huo si wizi. Stan akiona uchungu, alipe yeye hizo 7,560.

Ila hakuna kulipa kidogo kidogo, na siku zinahesabiwa. Wakili apeleke ombi kwa jaji wiki hii. Nawe mpigie Doreen leo kabla hujapika, umwambie, "Naomba dola elfu tatu mia tisa, Walt asikose matibabu." Halafu nyamaza, umwache dada yako ajibu.