Njia Zako Wameziita Mipaka

Kaka Novatus,

Leo nimeng'oa miti yote ya mulamula kwenye njia yako ya pili. Mikono imechubuka, kucha zimejaa udongo mwekundu, na chakula nimekiacha mezani. Nakuandikia hapa kibarazani kwa Mama, Kagoma, kwa sababu nikikaa kimya hasira hii itaniua, na nyumba hii imeshazika watu wa kutosha.

Nianze na habari za kawaida. Karakana yako ya Rwamishenye, pale Bukoba, bado iko wazi. Nanyoosha ringi, naziba pancha, nakaza spoki kama ulivyonifundisha, na wateja wako wa zamani bado wanaingia wakiuliza fundi yuko wapi. Halafu wanakumbuka, wanaangalia viatu vyao. Baiskeli yako ya mlimani nimeitundika ukutani. Siiuzi, na kuipanda siwezi. Mama hajambo kwa macho ya watu. Ndizi za migomba uliyoipanda nyuma ya jiko anasema hazina ladha. Ni tamu, kaka, nimezila. Ila tangu tulipokulaza kibanjani, kwenye migomba, karibu na Baba, kwake hakuna chenye ladha.

Sasa nikwambie ya mlimani. Nimeyazungukazunguka kwa sababu yananichoma.

Unakumbuka watu walivyokucheka? Wenzako wote wakiutazama ule mlima wanaona nyasi za kutandika ndani na malisho ya ng'ombe. Wewe uliona njia tatu za baiskeli. Ya kwanza ya wanaoanza, inazunguka orweya pale juu, nyasi tupu, hata mtu aliyezoea kusukuma baiskeli ya ndizi angeimudu. Ya pili inashuka kati ya mikaratusi, kona juu ya kona, na mizizi inayokurusha usipojiandaa. Ya tatu ni ya mawe, kule kwenye genge, ambako hata mbuzi hufikiria kwanza.

Na mtihani wako ule wa ajabu! Mtu akitaka kupanda daraja hukumuuliza ameendesha miaka mingapi. Ulimwambia ashuke akiimba. Sauti ikikatika kwenye kona, bado ana hofu, arudi alikotoka. Mimi nilimeza beti msimu mzima. Nilikuwa nasikia unapiga kelele kutoka chini, "Koku, umemeza ubeti! Rudi!" nami narudi juu nikisukuma baiskeli na kukutukana moyoni. Siku niliyotoka kwenye mikaratusi nikiwa bado naimba, sauti mbaya kama ya kunguru, hukunisifu hata neno moja. Ulichukua spana ukashusha siti yangu. "Ya tatu tusubiri mvua iishe," ulisema. "Kule hatuimbi. Kule tunanyamaza."

Mvua iliisha. Wewe ulikuwa wodini, macho ya manjano, ini limekataa.

Nasema haya yote nikupe heshima yako kwanza, maana sasa nakugombeza. Kaka, wewe ni Mhaya wa wapi?

Zile alama za rangi ulizopaka kwenye mawe zilifutika, sawa. Nyasi zilikuwa zinafunika njia kila masika, sawa. Lakini ulipotoka hospitali mara ile ya mwisho, huwezi hata kupanda baiskeli, ukaanza kukata vijiti vya mulamula na kutembea navyo mlimani ukivichomeka njia nzima. Kimoja kimoja kwenye njia ya wanaoanza, viwili viwili kwenye ya pili, vitatu vitatu kwenye ya mawe. Nilikubebea jembe. Nilikuuliza, kaka, mulamula si wa mipaka ya mashamba? Ukacheka, ukakohoa, ukasema, "Ndiyo maana. Rangi inafutika. Mulamula hakuna atakayethubutu kuung'oa."

Ulisema kweli. Hakuna aliyethubutu. Na hicho ndicho kilichotumaliza.

Umechipua wote. Hata vile vijiti nilivyodhani umevipanda juu chini vimechipua. Na mwana wa jirani yetu mzee Ta Respicius amerudi kutoka Mwanza anataka kupanda miti kwenye sehemu yao ya orweya, akapanda mlimani kupima, akakuta mistari ya mulamula inakata eneo la baba yake kushoto na kulia. Akashuka anapiga kelele. Kufika Jumapili, baada ya misa, kijiji kizima kilikuwa kinasema marehemu Novatus alikuwa anajimegea mlima kwa kisingizio cha baiskeli. Watu uliowazibia pancha bure, kaka. Watu hao hao.

Wazee walitukalisha. Nilisimama nikaeleza yote: njia tatu, madaraja, kuimba, kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona nachekesha. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mtu anahesabu mulamula ili ajue kuendesha baiskeli?" Watu wakacheka. Nikamtazama Ta Respicius, maana nilikuwepo mlipokunywa rubisi pamoja siku alipokuruhusu kupita. Nikasema, waitu, mzee wangu, wewe si ndiye uliyemruhusu?

 Ta Respicius akasema, "Njia nilimruhusu. Mulamula sikumruhusu."

Sina cha kumlaumu. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Mtu akikupa ruhusa ya kupita kwake, hujapewa ruhusa ya kupanda shahidi wa mpaka. Ulilijua hilo tangu unanyonya. Ulikuwa unakufa, ukaona muda unakwisha, ukachukua kitu pekee unachokijua ambacho watu wa hapa wanakiheshimu. Hukukumbuka kwamba wanakiheshimu kwa sababu kinasema jambo moja tu.

Wakaamua ung'olewe. Lakini nani aung'oe? Mwana wa Ta Respicius mwenyewe, na kelele zake zote, alirudi nyuma. Wakasema mulamula huondolewa na aliyeupanda, na kama hayupo, basi damu yake. Wakatugeukia mimi na Mama.

Hapo ndipo liliponikuta la kunikata maini. Mama aliinuka. Alikunja kitenge chake vizuri, akapiga magoti mbele ya wale wazee, akasema, "Mwanangu alikosea. Namwombea msamaha." Wakaupokea. Wakaleta rubisi, wakampa kibuyu, akanywa. Wakasema yamekwisha, tuwe majirani kama zamani. Kosa la wizi wa ardhi limesamehewa, na wewe hukuiba hata shubiri. Anayesamehewa ndiye aliyekosa, si ndivyo? Basi hivyo ndivyo utakavyokumbukwa hapa.

Njiani nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Koku, mimi naishi nao. Wewe utarudi Bukoba." 

Wiki iliyopita niling'oa njia ya kwanza. Nyasi zimeshaanza kuilalia, na ng'ombe wamekata vijia vyao juu yake. Leo nimemaliza ya pili. Nilidhani nitalia kwenye ile kona ya mzizi mkubwa, pale nilipokuwa nikimeza beti. Sikulia. Nilivuta tu, kimoja, na cha pili chake, nikatupa. Mizizi ya mulamula inashika ardhi vibaya sana. Unajua kupanda, kaka, hilo siwezi kukunyima.

Kesho ni ya tatu. Hukuwahi kunipeleka. Sitaipita kwa baiskeli kesho wala siku nyingine, maana wewe peke yako ndiye ungejua kama niko tayari, na nikijipa mwenyewe hilo daraja nitakuwa nimekuibia kweli. Nitaanzia chini, nipande kwa miguu, nikivuta vitatu vitatu, kimya, kama ulivyosema. Mama anataka kunisaidia. Nimemkatalia. Kijana wa Ta Respicius ametuma ujumbe kwamba ataleta watu wabebe mabaki. Nimemkatalia pia.

Lala, kaka yangu. Nakuahidi jambo moja tu, ndilo pekee lililobaki mkononi mwangu: hakuna mkono mwingine utakaougusa mulamula wako. Nikifika juu, nyuma yangu hakutakuwa na njia. Nitarudi nyumbani kwa barabara, kama watu wote.

Mdogo wako,
Koku