Vidonge Ndani ya Mkeka

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijamaliza kushona mkeka huu. Mimi ni msuka mikeka wa kisiwa cha Chole, wateja wetu ni wageni wa hifadhi ya bahari, naishi na bibi yangu Kijakazi, yeye anasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, mimi naunganisha, na kila Jumanne Nesi Albina anavuka kutoka Utende kuja kumpima presha hapa hapa nyumbani kwa vile miguu ya bibi haimfikishi zahanati, na siku hiyo nyumba yetu inakuwa nyumba nyingine, mwanga unapenya kwenye makuti unatua juu ya ukili, kile kitambaa cha kipimo kinajaa upepo kisha kinapumua polepole, bibi anafumba macho anasimulia ndoto zake za wiki nzima, Albina ameushika mkono wake wala hana haraka, nami nasahau sindano. Basi siku moja Albina akasema, "Bibi, presha ikitulia nitakuwa nakuja mara moja kwa miezi mitatu." Lo! Toka hapo presha haikushuka tena. Mwezi uliopita nikiunganisha ukili nikagusa kitu kigumu, nikafumua, kumbe kidonge chake cha presha! Nikafumua mbele, kingine, kila kimoja amekiviringishia jani akakisukia ndani. Nilipomuuliza akacheka, "Mwanahalima, tangu babu yako afe nani mwingine amenishika mkono?" Nikanyamaza, nikaendelea kushona, maana na mimi, Mungu anisamehe, naingoja hiyo Jumanne. Juzi ukili ukamponyoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande, baadaye kidogo akarudi sawa, anasema alipitiwa na usingizi tu. Nikimwambia Albina nitakuwa nimemsaliti bibi, nisipomwambia je?

Mwanahalima, Chole

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifanya nitamani kuja kukaa nanyi Jumanne moja, halafu ikanipandisha hasira. Usingizi gani huo wa kupinda mdomo? Hicho ni kiharusi kimebisha hodi, nawe ukachukua kalamu ukaniandikia mimi wa gazetini! Weka gazeti chini, mpigie Albina simu, bibi apakiwe kwenye mtumbwi apelekwe hospitali leo hii. Na vile vidonge ulivyofumua usimpe vyote kwa mkupuo eti kufidia, waachie wenye kazi yao.

Unaogopa kumsaliti? Angetaka kukuficha angevitupa baharini. Amevisukia kwenye ukili unaopita mikononi mwako kila siku, binti, alijua utavikuta. Mweleze Albina yote, na kunyamaza kwako usikuruke. Kisha mwombe akipata nafasi aje bila kipimo, mumtandikie mkeka huo huo, anywe chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akikosa nafasi, Jumanne ibaki Jumanne. Weka sindano chini, kaa karibu, asimulie ndoto zake. Bibi alikuuliza nani mwingine amemshika mkono, nawe ulikuwa umekaa hatua moja mbele yake, una mikono miwili, ukanyamaza.