Haikuwa Baridi, Oluoch

Mwaka umetimia tangu utuache, mwanangu Byron Oluoch, na bado watu wananipa pole wakisema ni baridi ya Julai iliyokuua. Juzi tu, nje ya kanisa hapa Ruiru, mama mmoja alinishika mkono akasema, "Baridi ilimwingia kifuani, pole sana." Nimechoka kusahihisha watu mmoja mmoja. Nakuandikia wewe hapa, na wao wasome.

Kwanza nikusifu, maana unastahili. Miaka kumi na mmoja ulitunza kompresa na mabomba ya hewa katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Thika. Mbaluka, uliyefanya kazi naye siku zote hizo, anasema ulikuwa ukifika getini unasimama, unainamisha kichwa, kisha unasema, "Namba tatu inakohoa." Na wakienda kuangalia, ni namba tatu kweli. Ulipenda kuwaambia, "Mashine haifi ghafla. Watu ndio hawasikii."

Kwenye ploti yenu ya nyumba za kupanga ulitengeneza pampu ya maji, blenda za majirani na redio za wazee, ukarudisha bila kutaka kushukuriwa. Mara nyingi ulisahau bisibisi zako kwenye nyumba za watu. Tumerudishiwa tatu tangu tukuzike.

Ulikuwa pia unaudhi, siwezi kuandika uongo kwa sababu ni kumbukumbu. Ulikula chapati umesimama. Ulipangusa grisi kwenye taulo zangu nyeupe. Ulinipigia simu kila siku saa saba mchana kuniuliza, "Mathe, umekula nini?" kisha ukakata kabla sijamaliza kujibu. Ikifika saa saba bado naitazama simu.

Ile wiki ulianza kukohoa Jumatatu, ukaenda kazini. Jumanne joto la mwili likapanda, ukaenda kazini. Alhamisi mkeo Kamene alinipigia akasema hujalala wala hujala, na umekataa kwenda hospitali kwa sababu ni homa tu. Neno hilo homa litatumaliza. Mafua ni homa, joto la mwili ni homa, malaria ni homa, na mtu mzima akisema "ni homa tu" nyumba nzima inarudi kuketi.

Sasa nakuja kwa yangu. Kamene alipomaliza kueleza, mimi nilimwambia nini? Sikumwambia akupeleke hospitali. Nilimwuliza, "Amevaa sweta?"

Mimi mwenye diploma ya teknolojia ya chakula. Mimi niliyepima vijidudu kwenye juisi ya nanasi miaka ishirini na miwili, na kila mtu akisema juisi imeharibiwa na hali ya hewa namwonyesha mlango. Lakini tangu ukiwa na miaka mitatu nilikupigia kelele, "Vaa sweta, utapata nimonia." Nilivyoambiwa na mama yangu ndivyo nilivyokuambia. Ukanisikia vizuri kuliko nilivyotaka.

Nilipokuja Jumamosi asubuhi nilikukuta kitini, madirisha yote yamefungwa, umevaa sweta mbili na kofia ya marvini kichwani.

"Mathe, umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuona unavyopumua."

"Ni homa tu. Nimonia haiwezi kunipata, nimevaa sweta mbili. Muulize Kamene."

"Usinitaje," Kamene akasema kutoka jikoni. "Mimi nimesema mpaka nimechoka. Ati amemeza dawa."

Dawa zenyewe zilikuwa antibiotiki zilizobaki Kamene alipong'olewa jino. Hazikuwa na kazi yoyote pale. Antibiotiki inaua bakteria, na chako kilikuwa kirusi cha mafua makali. Ulikuwa ukicheka, lakini kila sentensi ulikuwa unaikata vipande viwili, unavuta hewa katikati. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Uliposimama kutafuta viatu ulishika ukuta.

Hospitalini nesi alikubana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya husoma tisini na tano kwenda juu. Wewe ulisoma sabini na sita. Nesi akakitoa, akakipangusa, akakibana kwenye kidole kingine.

"Dada, hicho kimeharibika," ukamwambia. "Nipe nikitengeneze."

Kifaa kilikuwa kizima.

Daktari Ansuya alituketisha mimi na baba yako Absalom akatuonyesha picha ya kifua. Mapafu yenye hewa hutokea meusi. Yako yalikuwa na mawingu meupe pande zote mbili. Nilimwambia aeleze kama anavyomweleza mtu wa kazi, si kama anavyomwonea mama huruma, akafanya hivyo. Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, kuta zake nyembamba kuliko ule utando wa ndani ya kitunguu. Oksijeni hupenya hapo kuingia kwenye damu. Kirusi kilikuwa kimeshambulia kuta hizo, na mwili wako ulipopigana nacho ukaziumiza zaidi. Mishipa midogo ikavuja, maji yakajaa mahali pa hewa. Ulikuwa unavuta hewa kwa nguvu zako zote, nayo haikuwa na pa kupita.

Nilimwuliza habari ya baridi. Hakunicheka. Alisema, "Mama, kirusi hupita kwa mtu kwenda kwa mtu, hasa tunapojifungia pamoja ndani. Sweta haikizuii."

Nilifikiri habari ya yale madirisha.

Nikamwuliza pia kama Alhamisi ingekuwa tofauti na Jumamosi. "Huenda," alisema. "Mapema ni bora siku zote. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi." Neno hilo huenda nimeishi nalo mwaka mzima, na sijapata pa kuliweka.

Walikulaza kifudifudi ili hewa ifike sehemu za nyuma za mapafu. Walikupa oksijeni kwa barakoa, kisha wakasema itabidi mashine ikupumulie. Kabla hawajakulaza usingizi ulininong'oneza nisogee. Nilidhani unataka kuniambia habari ya mtoto wako Viola.

"Mathe, sikiliza hii mashine," ukasema. "Sauti yake safi. Wameitunza."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na mpaka leo sijui nikukumbatie au nikuchape. Uliisikia mashine ya hospitali. Kifua chako mwenyewe kilikohoa siku tano hukukisikia.

Siku ya tisa ulikwenda. Daktari alisema kirusi chenyewe pengine kilikuwa kimeshaondoka, lakini mapafu yalikuwa yameumia na kukakamaa kiasi cha kutorudi. Kwa hiyo anayesema ni baridi na asome tena aya hizi, kisha asiniambie kitu.

Oluoch, kuna jambo moja nataka ulijue. Mwezi uliopita Viola, ambaye sasa ana miaka minane, aliamka kwangu akikohoa, paji la uso moto. Nilifungua kinywa na neno lililokuja lilikuwa lile lile. Nilikuwa tayari nimeshika sweta yake mkononi. Nikaiweka chini. Nikafungua dirisha, nikampandisha fulana, nikaweka saa mbele yangu na kuhesabu pumzi zake dakika nzima. Kisha nikaweka sikio mgongoni mwake.

"Dani," akasema, maana huniita bibi kwa Kijaluo kama ulivyomfundisha, "unasikiliza nini?"

"Nyamaza. Nasikiliza mashine."

"Inasemaje?"

Nilisikiliza upande wa kushoto, nikasikiliza wa kulia, kisha nikampigia Kamene tukampeleka kliniki hata hivyo. Walimbana kidole: tisini na nane. Daktari akasema kifua ni safi, ni homa tu. Tulitoka nje mimi na mkeo tukakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu Julai ile tulicheka, kisha tukalia, Viola akitutazama kama watu waliochanganyikiwa.

Sweta yako ya kijivu bado iko kwangu. Kamene alitaka kuitoa, nikamkatalia. Viola huivaa asubuhi za baridi na inamfika magotini. Ni ya kuzuia baridi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Unakumbukwa na mkeo Kamene, binti yako Viola, baba yako Absalom, dada yako Cindy, rafiki yako Mbaluka na wenzako wote wa zamu, ambao siku hizi mmoja wao akikohoa siku mbili humtoa kwenye mashine na kumpeleka apimwe.

Nami mama yako nitakukumbuka siku zote za maisha yangu, hasa saa saba mchana. Leo nimekula ugali na omena. Safari hii usikate.