Yoti Bila Nahodha

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mtoto wetu wa mwisho anaota meno na nyumba nzima haina usingizi. Goti la Mama linaendeleaje?

Yoti ya kusherehekea miaka hamsini ya ndoa yenu nimeipata. Ina vyumba vitatu vya kulala, na jiko ambalo Mama akigeuka tu kiwiko kimegonga ukuta. Tutazunguka visiwani siku nne. Mwenye yoti anauliza jambo moja: tunaichukua tupu tuiendeshe wenyewe, au atupe nahodha na baharia wake?

Mimi naona tuchukue na nahodha. Usinikasirikie, Baba. Safari iliyopita ulipokuja kunipokea stendi, ulimpungia mkono mtu mwingine, ukamwita mwanangu na kumwendea umpokee begi. Tulicheka sana. Niliporudi huku sikucheka tena. Mama hajui kuogelea, watoto ndio kabisa. Nijibu haraka, maana nalala na jambo hili na kuamka nalo.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti la mama yako limepoa, na mdomo wake haujambo kabisa.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, bila miwani, hadi nukta ya mwisho. Kwa hiyo habari za macho tuzimalize. Yule kijana wa stendi alikuwa na kichwa kikubwa kama chako, hata wewe ungejifananisha naye.

Miaka thelathini nimevuta meli kuziingiza bandarini, meli ndefu kuliko mtaa wenu, leo nikae na juisi mkononi mtoto wa watu anizungushie usukani? Mama yako hajawahi kupanda chombo nilichokiendesha, hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuningoja nyumbani. Nataka anione kazini kabla sijafa. Ukileta nahodha, nendeni naye. Mimi nitabaki kulisha kuku.

Baba yako

20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Simu nikipiga, Mama anasema uko uani. Je, u mzima?

Jana mwenye yoti alinipigia. Anasema anayetaka yoti tupu lazima kwanza aitoe gatini na kuirudisha, yeye akimtazama. Kumbe ulishakwenda, peke yako, bila hata kumwambia Mama! Anasema hajaona mzee kama wewe. Ulimpita fundi aliyekuwa kwenye kitumbwi akisugua ubavu wa boti ya jirani, karibu kiasi cha kumpa mkono, kisha ukaingia kwenye nafasi yako kama mtu anayeegesha baiskeli. Watu wakapiga makofi.

Baba, nisamehe. Nimeona aibu. Nimechukua yoti tupu, na nahodha ni wewe. Tunaondoka Jumamosi ya wiki ijayo.

Lakini mbona kimya? Nilidhani utanitambia mwezi mzima. Afadhali ungebisha, kimya chako kinanitia hofu. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili.

Sikujibu kwa sababu sikujua niandike nini. Mwenye yoti hakukudanganya. Makofi yalipigwa, na chai nikanyweshwa. Ila kuna kitu ninachokijua mimi peke yangu.

Yule fundi sikumwona.

Vya karibu naviona, hata mwandiko wako wa kuku. Vya mbali ni ukungu mtupu. Pale gatini niliingia kwa mazoea tu, kwa upepo shavuni na mlio wa injini ukirudi kutoka ukutani. Nikasikia mtu anapiga kelele, “Mzee, nina watoto!” Nilipogeuka, ubavu wa yoti ulikuwa umeshampita. Watu wakacheka, wakidhani ni madoido ya nahodha mkongwe. Yeye naye akacheka, maskini. Nikacheka nao. Nilishindwa kushuka, nikajifanya nakagua kamba.

Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Halafu ikaja barua yako ya kuniomba msamaha, nikaitia chini ya godoro, kwa sababu nilitaka sana kuupokea huo msamaha. Nilitaka ninyamaze tu, Jumamosi ifike, nishike usukani mama yako akinitazama.

Leo asubuhi amenijia uani. Akaniuliza, “Nikae upande gani ili nikuone vizuri? Na wajukuu niwaweke wapi?” Nikaweka chini pumba za kuku, nikaenda moja kwa moja kwa mwenye yoti. Nikamwambia atupe nahodha wake. Akashangaa: “Mzee, si ulifaulu?” Nikamwambia mke wangu ni mwoga. Mungu anisamehe, na mama yako asisikie.

Hayo mengine yote nimemweleza niliporudi nyumbani, ya macho na ya fundi. Nilidhani atalia, au atanirukia kwa maneno kama kawaida yake. Akauliza tu, “Kwa hiyo siku zote nne utakuwa umekaa na mimi?”

Nikamwambia ndiyo.

Tangu saa ile anaimba jikoni. Sauti yake unaijua, lakini dirisha nimeliacha wazi.

Baba yako