Barafu Jikoni kwa Mzee Pradip

Tooting, London
5 Oktoba 2003

Kaka yangu mpendwa Telesphor,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na wagonjwa wako wa zahanati wawe wanapata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma vidole. Magoti ya Mama yanaendeleaje?

Kwenye kazi yangu ya kuhudumia wagonjwa majumbani, tangu Septemba nimepewa nyumba moja ya kudumu. Namhudumia mzee wa Kihindi, Mzee Pradip, mzaliwa wa Mwanza. Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake, na siku ya kwanza alinisalimia nikataka kulia. Mishipa yake ya fahamu imeharibika. Miaka mitatu hajapanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, analala sebuleni. Maumivu yakimshika, miguu inajikunja yenyewe, naye anauma taulo ili majirani wasisikie. Dawa za hospitali anazo, hazimfikii.

Sasa nakwambia jambo, usilisome kwa sauti. Mkewe Margaret, Mwingereza, alifariki mwezi wa nne. Huko juu chumbani kwake kuna miche sita ya bangi chini ya taa. Alikuwa akimtengenezea mumewe hashishi, ule utomvu wa bangi, kwa maji na barafu. Mzee amenituma nikaitazame. Nilitegemea kukuta miti mikavu, kumbe imenawiri, udongo una unyevu. Nikashuka kumuuliza nani amekuwa akiimwagilia.

"Si wewe?" akasema.

Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda huko.

Ananiomba tuitengeneze hiyo dawa. Hajui inavyofanywa, maana Margaret alikuwa akifunga mlango wa jikoni. Ameacha karatasi ya maelekezo tu. Nikikamatwa, kibali changu cha kukaa hapa ndiyo basi tena. Lakini kile kilio cha kwenye taulo, kaka, nalala nacho. Nishauri upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Winifrida


Kamachumu, Bukoba
24 Oktoba 2003

Mdogo wangu Winifrida,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nikaisoma nimesimama. Sisi huku tunaendelea. Mama anakusalimu.

Umepotewa na akili? Familia nzima ilijinyima ufike huko, leo unataka kufungwa kwa ajili ya bangi! Miaka kumi na tisa nimevaa koti jeupe, na hao wavuta bangi naletewa wamefungwa kamba. Mgonjwa akizidiwa, mwite daktari wake. Hiyo ndiyo kazi yako, hapo ndipo inapoishia.

Na hilo la miche, kuna mtu ana funguo za nyumba. Badilisheni kitasa. Usiniandikie tena habari za namna hii.

Kaka yako,
Telesphor


Tooting
9 Novemba 2003

Kaka Telesphor,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mnaendelea. Mimi mwili ni mzima. Mbona habari za Mama hukuniambia zaidi ya salamu?

Usinikasirikie. Barua yako ilifika Jumatatu, na sisi tulikuwa tumeshafanya Jumamosi. Asubuhi ile alijiuma ulimi mpaka damu. Nikasema potelea mbali.

Nilinunua barafu kwa muuza samaki. Nikamsogeza mzee na kiti chake cha magurudumu mpaka jikoni, awe ananisomea karatasi. Kuna vifuko vya kitambaa, kila kimoja tundu zake ndogo kuliko za mwenzake. Unavipanga ndani ya ndoo, unaweka majani, maji na barafu, kisha unakoroga kwa mwiko. Kazi yenyewe kama kusonga ugali usioiva. Mikono ilikufa ganzi. Mzee akawa anacheka, "Taratibu, binti, usiyasage!" Sijawahi kumsikia akicheka.

Karatasi inasema ukimaliza, uache maji yatulie. Nikaweka mwiko kwenye sinki, nikampeleka mzee sebuleni tukanywa chai. Tuliporudi, maji yalikuwa yanazunguka.

Nilidhani ni macho yangu. Lakini vipande vya barafu vilikuwa vinagongana, vinazunguka kwa kasi, na kuelekea kushoto. Mimi nilikoroga kwenda kulia. Na jikoni kulikuwa na baridi, kaka, pumzi zetu tuliziona, wakati hita ukiigusa inaunguza. Mzee hakushtuka. Aliyainamia yale maji, akasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake asimwage kitu, "Imetosha, mpenzi." Yakasimama.

Nilitaka kukimbia. Ila mzee alikuwa na njaa ya kupona, na mimi ndiye mwenye miguu. Tukachuja. Chini ya kifuko cha mwisho palibaki tope jepesi la kahawia, la kujaa kiganja tu. Nikalitandaza likauke, nikaondoka bila kuosha chochote.

Jumapili nilikuta vifuko vimeoshwa, vimegeuzwa ndani nje, vimeanikwa bafuni. Bafu liko juu. Kitasa tulishabadilisha hata kabla ya barua yako, na funguo zote mbili ninazo mimi.

Mzee ameanza kuitumia juzi, punje kama ya mtama, ndani ya maziwa. Amelala masaa sita bila kuamka. Miguu imenyooka. Aliamka akanishika mkono akasema, "Nilikuwa nimesahau kwamba nina magoti."

Kwa hiyo naogopa, tena nafurahi. Niandikie japo kunitukana.

Mdogo wako,
Winifrida


Hayes, London
18 Januari 2004

Kaka,

Shikamoo. Huu mwezi wa tatu sina barua yako. Krismasi nilipiga simu parokiani, mtu akapokea, akasikia jina langu, akakata. Kama umenichukia nikuelewe, lakini niambie hali ya Mama.

Mzee Pradip amefariki, tarehe pili mwezi huu. Nilimwacha sebuleni saa kumi jioni, nimemfunika, ananong'ona na mtu nisiyemwona, kama ilivyokuwa siku zote za karibuni. Asubuhi nikakuta kitanda chake kitupu. Kiti cha magurudumu kilikuwa chini ya ngazi.

Nilimkuta juu, kwenye kitanda cha Margaret. Amelala ubavu, shuka mpaka shingoni, amenyolewa ndevu. Kulikuwa na mto wa pili. Nilipoegemea pale ili nimfumbe macho, upande ule ulikuwa na joto. Yeye alikuwa wa baridi, kaka. Upande mtupu ndio ulikuwa wa joto.

Nilimpigia mpwa wake Vijay, akaja mbio kutoka Wembley. Yeye kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hajibu nacho. Alipanda, akaona miche, akaona mjomba wake. Akaniuliza nani amembeba. Nikasema si mimi. Akang'oa miche yote mwenyewe, akaitoa nje ndani ya mifuko ya taka kabla hajaita gari la wagonjwa. Hakuniambia neno baya.

Polisi wamenihoji mara mbili juu ya hizo ngazi. Nilisimamishwa kazi wiki mbili, nikijua kila gari linalosimama nje limenijia mimi. Daktari amesema ni moyo, na wameniachia. Aliyempandisha ngazi hawajampata.

Nimehamia huku Hayes, nafanya kazi ya usafi karibu na uwanja wa ndege. Nakusihi, andika.

Winifrida wako


Kamachumu
11 Februari 2004

Mdogo wangu mpendwa Winifrida,

Marahaba, na pole sana kwa msiba wa mzee wako. Kaa chini kabla hujaendelea. Uwe na mtu karibu.

Mama ametutoka, tarehe 20 Desemba. Ulikuwa uvimbe kwenye mifupa. Tuliujua tangu Agosti. Yeye ndiye aliyeniapisha nisikuambie, alijua ungeacha kila kitu uje, na kurudi huko usingeweza. Aliyekata simu ni mimi. Nilikuwa pale parokiani kwa ajili ya misa yake, nikasikia sauti yako, nikashindwa.

Barua yako ya Novemba ilichelewa, ikanikuta katikati ya Desemba nina vidonge vya panadol tu kwenye kabati. Mama analia usiku na mchana, na mimi ndiye tabibu. Dawa ya nguvu niliiomba wilayani, haikuja. Nikaisoma barua mara nne. Kesho yake mchana, na koti langu jeupe, mbele ya watu, nilikwenda kwa yule mtu anayelima bangi nyuma ya kahawa zake, yule niliyemshtaki mimi mwenyewe. Hakunicheka. Sikuwa na barafu wala vifuko, nilichemsha tu na maziwa. Mama alilala siku tatu za mwisho, ameshika kidole changu. Alikutaja kwa jina. Alikuwa anatabasamu.

Yale maneno yangu ya Oktoba, nayafuta. Ulifanya kazi yako, mimi sikuijua yangu. Nisamehe kwa hilo na kwa kukuficha.

Sikubadilishi mawazo juu ya ile nyumba, na sitakuambia tena ni mtu mwenye funguo. Chumba cha Mama nilikifunga baada ya mazishi. Jana nikiwa nakunywa uji, kuna sauti iliniita kutoka humo, kwa lile jina la utotoni ambalo hata mke wangu halijui. Mke wangu aliacha kufagia. Akanitazama.

Niliitika.

Kaka yako,
Telesphor