Filamu ya Mia Nne

Ukunda

Kwa kaka yangu Mramba,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto hapo Lunga Lunga mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, ila usingizi umetuhama. Sikupiga simu kwa sababu haya nisingeweza kuyasema huku nikisikia sauti yako.

Baba yuko kwangu. Maneno ya kule Kinango yalizidi. Tangu jirani yetu Rai afiwe na mtoto, wanasema mzee ni mchawi, na ushahidi wao ni mvi zake na ile kamera yake ya kukunja. Eti akiifungua na ule mfuko mweusi ukajitokeza, anafungulia majini. Kamera hiyo hiyo iliyowapiga picha za harusi zao! Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Kila jua likielekea kutua, watu walikuwa wanakuja kusimama mpakani mwa shamba na mapanga.

Ndipo baba akaniagiza filamu. Simu hakuitaka. Alisema siku hizi picha ya simu mtu huikana, akadai imetengenezwa na kompyuta, lakini negetivu hata polisi wataishika mkononi. Nilimwambia filamu zake, zile pana zenye karatasi mgongoni, bado zinauzwa Nairobi, ila achague. Unanijua kwa ubishi. Mimi nilitaka ya mia moja, ile inayohitaji mwanga mwingi, ili picha itoke safi, tena nilihofu kile kidirisha chekundu cha nyuma kingepitisha mwanga na filamu kali ingeungua. Baba akasema picha safi ni za maharusi. Alitaka ya mia nne, ile kali inayonasa hata mwanga hafifu, kwa sababu wageni wake huja kiza kikikaribia, na kidirisha angekiziba kwa utepe mweusi. Nilinuna, lakini nikamwagizia.

Jioni moja alikaa mlangoni, kamera magotini, akawapiga. Hawakukimbia. Kesho yake akaniletea filamu mwenyewe, amevaa kofia ya sufu katika joto hili lote ili kuficha mvi. Hilo liliniuma mno, kaka. Baba yetu anaona haya kuzeeka.

Nimeisafisha mwenyewe hapa studio ninapofanyia kazi. Mzee alichagua sawa, kila kitu kinaonekana. Wako watatu. Wawili siwajui. Wa tatu amesimama nyuma yao, mbali na macho ya mzee, amenyoosha mkono kuwaonyesha mlango wa baba, naye ni wewe. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia nikiomba niwe nimekosea. Kamera uliitambua, ila hukukimbia kwa kuwa uliamini haina kitu ndani; siku zote wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia kwamba filamu zake hazipatikani tena. Ni kwa ajili ya shamba alilokukataza kuliuza? Nakuchukia, kaka.

Baba sijamwambia. Nilimdanganya kwamba filamu iliungua. Alisikitika, kisha akasema basi nimtafutie nyingine, atarudi nyumbani Jumamosi, na nikuandikie uje ukae naye, kwani anaogopa kuwa peke yake.

Usije. Negetivu nimeiweka kwa mtu usiyemjua, na yeye anajua la kufanya baba akipatwa na lolote.

Wifi na watoto nisalimie sana. Baba naye anakusalimu, na anauliza utafika saa ngapi.

Ni mimi mdogo wako,
Sidi