Sahani ya Daudi

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi mwanao wa mtaa wa Bwiza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku tunapumua. Kwa mji huu wa risasi, hiyo ndiyo salamu.

Mama, mume wangu Daudi amefariki. Ulisikia tu kwamba ametoweka. Alikwenda mtaa wa Kamenge kutengeneza gari, mapigano yakamkuta huko. Hamisi, fundi mwenzake wa gereji ya mtaani Jabe, ndiye aliyemzika. Alikuja hapa, akakaa chini, akaniambia, "Shemeji, mi mwenyewe nilimufunika uso na shati yangu."

Nikaanza kutandika mikeka ya matanga. Mama mkwe akaikunja. Alikuwa ametoka kwa nabii.

Nabii huyu alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni Jabe, mpaka alipotangaza kwamba Mungu amemwita. Mchungaji wetu alimkana mbele ya waumini, basi nusu ya kanisa ikamfuata nabii, mama mkwe akiwa mbele. Nabii amemwambia kwamba Daudi yu hai, yuko ng'ambo ya ziwa, na kwamba yeyote anayemlilia anamfungia njia ya kurudi.

"Mama, nabii hakukuwa kule," Hamisi alimwambia mama mkwe kwa upole. "Mi nilikuwa."

"We Mwislamu, mambo ya Roho utayajulia wapi?"

Hamisi hajaja tena.

Simchukii mama mkwe. Mfa maji haachi kutapatapa, na hakuwa na mtoto mwingine. Lakini kila jioni nampakulia Daudi ugali na visamaki vya ndagala katika sahani yake, naifunika, na asubuhi tunakula kiporo hicho. Nikitokwa na chozi, ananiuliza kama nataka mwanawe afe. Nasema ni moshi. Na linalonitia aibu ni kwamba mlango ukigongwa, mimi ndiye wa kwanza kusimama.

Nyumbani siwezi kuja. Anasema mke wa mtu aliye hai haondoki, na wajukuu hawaachii. Nimechoka kubishana, Mama, wala sioni mwisho wake.

Nisalimie baba mdogo, dada yangu na kichanga chake, na bibi jirani anayekuchotea maji.

Nina ombi moja. Tandikeni mikeka hapo uani, waiteni majirani, mumlilie mkwe wenu kwa sauti mpaka matanga yaishe. Mimi huku nimekatazwa.

Mwanao,
Esta